Mtoto amepata matone ya polio: je, amepata kinga?

Wahudumu wa chanjo wakipita nyumbani, humpa mtoto matone ya polio na kumpaka wino kidoleni. Wino huo unaonyesha kwamba amepewa matone. Hauonyeshi kwamba amepata kinga.

Kinga hupatikana pale mwili unapotengeneza kingamwili, yaani askari wa kwenye damu wanaozuia kirusi cha polio. Mtoto akiwa anaharisha, au chanjo ikiwa imepata joto njiani, kinga inaweza isipatikane. Kwa hiyo wataalamu hawatosheki kuhesabu matone. Hupima na damu.

Kipimo hufanyika hivi. Huchaguliwa watoto wachache bila upendeleo, kwa idhini ya wazazi, na kutolewa damu kidogo. Maabara hutenga majimaji ya damu hiyo, huyazimua mara 8, kisha huyachanganya na kirusi hai na kuyaweka kwenye chembe hai. Chembe zikisalimika, mtoto huhesabiwa kuwa ana kinga. Aina 3 za polio hupimwa kila moja peke yake, kwani kinga ya aina moja haizuii nyingine. Watoto wachanga sana huachwa, kwa sababu bado wana kingamwili za mama zao.

Tutazame mji wa Kano, Nigeria, wenye Waislamu wengi. Mwaka 2003 chanjo ilisimamishwa huko kwa hofu kwamba inazuia uzazi. Polio ikasambaa hadi nchi nyingine. Chanjo ilirejea mwaka 2004, ikiletwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Miaka iliyofuata damu za watoto wa Kano zilipimwa, ikaonekana baadhi yao bado hawana kinga. Kampeni zikaendelea, na Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena polio ya asili. Hata hivyo, mwaka 2022 kirusi kutoka Pakistan kiligunduliwa Malawi na Msumbiji.

Hivyo basi, mzazi, kamilisha dozi zote: matone ya kuzaliwa, ya wiki 6, 10 na 14, pamoja na sindano ya polio. Kampeni ikija, mpeleke hata kama alishapata. Wakija kuomba damu, uliza maswali yako yote, na ukiridhika, ruhusu. Majibu yake ndiyo yatakayoonyesha mtaa gani watoto wake wangali hatarini.