Alinyimwa anga akiwa kijana, akaifikia na miaka 90

Umewahi kufanya kila ulichoambiwa, kisha orodha ikatoka na jina lako halimo? Basi sikia kisa cha Ed Dwight.

Alizaliwa 1933 huko Kansas, Marekani, enzi za ubaguzi wa rangi. Mwaka wa 1953 alijiunga na jeshi la wanahewa, akawa rubani, na 1957 akapata digrii ya uhandisi wa ndege. Serikali ya Rais John F. Kennedy ilipotaka rubani mweusi wa kufunzwa uanaanga, ikamwita yeye. Akapelekwa kambi ya Edwards, California, wanakofunzwa marubani wa majaribio, wale wanaorusha ndege ambayo bado haijaaminika. Si mchezo!

Magazeti ya watu weusi yakamfanya staa. Lakini Oktoba 1963, NASA ilipotangaza wanaanga 14 wapya, jina lake halikuwemo. Mwezi uliofuata Kennedy akauawa. Dwight akaacha jeshi 1966. Mmarekani mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, Guion Bluford, alienda 1983.

Hapo wewe ungefanya nini? Dwight alihangaika kama sisi: akaajiriwa, akafungua mkahawa, akajenga nyumba za kuuza. Kisha George Brown, mtu mweusi wa kwanza kuwa naibu gavana wa Colorado, akamwomba amchongee sanamu. Jamaa akaipenda kazi hiyo hadi akarudi chuo, na 1977, akiwa amepita miaka 40, akahitimu shahada ya uzamili katika uchongaji.

Tangu hapo ametengeneza zaidi ya kazi 100 za ukumbusho. Ukifika Detroit, kando ya mto, utaona watu wake wa shaba: watoro wa utumwa wakitazama Canada ng'ambo, kulikokuwa na uhuru.

Mnamo Mei 19, 2024, roketi ya Blue Origin ilimpeleka anga za juu kwa takriban dakika 10. Alikuwa na miaka 90, mzee kuliko yeyote aliyewahi kufika huko. Aliposhuka alisema alidhani hakuihitaji safari ile, kumbe aliihitaji.

Usiambiwe eti subira ndiyo ilimlipa. NASA haikuwahi kumpa kiti. Hicho cha 2024 kililipiwa na wahisani. Ila kama angekaa miaka 60 akingoja roketi, hizo sanamu zote nani angezichonga?