Albamu ya Ukoo Inaanza na Majina

Wanaotaka kutengeneza albamu ya ukoo huja kuniuliza wanunue gundi gani. Mimi huwauliza ni mzee gani bado yuko hai upande wa mama, na nani upande wa baba. Vifaa vinapatikana dukani siku yoyote. Lakini mtu anayewajua wote waliosimama kwenye picha ya harusi ya mwaka 1958, hadi yule mtoto aliyekatwa nusu pembeni, huenda amebaki mmoja tu katika ukoo mzima, na macho yake yameanza kufifia. Katika kazi yangu ya kutunza nyaraka nimepokea picha nyingi nzuri ambazo hakuna aliyeweza kuniambia ni za nani. Picha ya namna hiyo tunaitunza, ila ukoo wake umeshaipoteza.

Kwa hiyo nenda kwa mzee kwanza, na picha mkononi. Usimwambie akueleze historia ya ukoo, kwa maana swali kubwa namna hiyo humfanya mtu anyamaze au atoe hotuba. Mpe picha moja, umuulize kilichomo. "Bibi, huyu aliyekaa ni nani?" "Huyo shangazi yake baba yako. Na hilo koti alilovaa mumewe si lake, la fundi picha." Hapo mazungumzo yameanza. Studio nyingi za zamani ziliweka koti, saa ya mkononi, hata redio, ili mteja apendeze, na mzee akikumbuka koti la kuazima atakumbuka pia walikwenda mjini kwa gari la nani na nani alilipa. Mrekodi kwa simu, kwa ruhusa yake, na usiizime haraka, kwani mengi hutoka baada ya picha kurudishwa kwenye bahasha.

Majina yaandikwe siku hiyohiyo. Laza picha kifudifudi juu ya meza safi, uandike nyuma yake, pembeni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele na wino wake huvuja. Picha zenye utando wa plastiki, zilizoenea tangu miaka ya 1970, hazishiki penseli, kwa hiyo andika kwenye bahasha kabla ya kuitumbukiza picha ndani. Na uandike jina kamili. "Mama Asha" hatoshi, maana katika ukoo mkubwa wapo watatu. "Bibi" hatoshi kabisa, kwa sababu bibi yako wewe ni mama kwa mwingine na shangazi kwa mwingine. Andika ni binti wa nani na nani, alizaliwa wapi, aliolewa na nani, halafu ongeza jina la utani alilojulikana nalo kijijini.

Tarehe zinataka subira. Wazee wengi vyeti vyao vinasema walizaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai kwa sababu karani alitaka tarehe na wao walikuwa na msimu. Uliza kuhusu matukio. Mtu wa Ugogo akisema mama yake alizaliwa wakati wa Mtunya, amekupa miaka, kwani njaa ile iliipiga Ugogo kati ya 1917 na 1920. Kwingine watasema baada ya Majimaji, au mwaka wa Uhuru, au siku tulipohamishwa na Operesheni Vijiji, ambayo ilikuwa kati ya 1973 na 1976. Andika kwanza maneno ya mzee kama alivyoyasema, kisha makadirio yako kwenye mabano. Ukiandika mwaka peke yake, umefuta ushahidi uliokufikisha kwenye mwaka huo.

Picha nayo husaidia. Geuza nyuma utafute mhuri wa studio. Mhuri wa Capital Art Studio ya Unguja, kwa mfano, unakuambia picha haitangulii 1930, mwaka ambao Ranchhod Oza aliifungua. Picha za rangi za miaka ya 1960 mara nyingi zina mwezi na mwaka kwenye ukingo mweupe, ila huo ni mwezi wa kusafishwa, na filamu iliweza kukaa ndani ya kamera tangu Idi iliyopita.

Usiishie kwenye picha. Kadi ya TANU, chama kilichozaliwa Julai 1954, stakabadhi ya kodi, cheti cha ndoa cha kadhi, kadi ya kliniki, kipande cha kanga ya harusi: vyote vina nafasi. Wakatoliki waulize parokiani kuhusu daftari la ubatizo, ambalo huonyesha wazazi na msimamizi wa ubatizo, na mara nyingi hata ndoa iliyofuata. Lakini hati ya kiwanja, wosia na vyeti visibandikwe kamwe. Bandika nakala, na zile halisi zikae mahali pake.

Sasa gundi, kama bado unaitaka. Tumia kona za karatasi zinazoshika picha kwenye ncha zake ili iweze kutolewa. Selotepu hugeuka njano na kuacha doa lisilotoka, na kuilamineti picha ni kuifungia ndani milele. Albamu zenye kurasa za kunata na karatasi ya plastiki juu yake, zilizopendwa sana harusini, ndizo zinazoharibu picha nyingi ninazoziona. Kama picha imegandia, usiivute, ipige picha ilipo kwanza. Pwani kuna unyevu, na ukungu hupenda kabati lisilopata hewa, kwa hiyo weka albamu rafuni mbali na ukuta wa nje, mbali na mchwa, mbali na jua.

Watu hukimbilia kuokoa zile nyeusi na nyeupe kwa kuwa ndizo za zamani. Anza na za rangi. Nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa fedha na hudumu. Za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zinageuka nyekundu hata zikiwa gizani. Zipige skani kwa nukta 600 kwa inchi, uweke nakala kwenye zaidi ya sehemu moja.

Mtakapofika kwenye hadithi, mtagombana. Mjomba atasema babu alitoka Kilwa kwa miguu, shangazi atasema alikuja kwa jahazi. Andika zote mbili, kila moja na jina la msimuliaji na tarehe aliyosimulia, wala usichague mshindi. Yako pia mambo mazito: mtoto wa nje, ardhi iliyogombaniwa, babu aliyekuwa mtumwa au aliyemiliki watumwa. Hayo muulize aliye hai na anayehusika kabla hayajaingia kwenye kitabu kitakachopitishwa msibani mkono kwa mkono. Akikataa, yaandike kwenye daftari la pembeni, ulifunge, na uache ukurasa wa albamu wazi pale yatakapoingia siku atakaporidhia.