Paneli za Sweta Kwa Hudi: Vile Utapiga Luku Yako Bila Kuharibu Nguo

Umeamka mapema, ukafika Gikomba bale ikifunguliwa, ukachomoa hudi moja kamera kabisa. Jioni unarudi mtaani ukijibamba, kumbe msee wa ploti ya pili ako na hiyo hiyo. Noma sana. Sasa kuna njia ya kuhakikisha hakuna mtu mwingine ako na yako: paneli ya sweta.

Idea ni simple. Unachukua hudi ama swetshati iliyoshonwa tayari, unafumiwa kipande cha sweta kwa mashine chenye jina, mistari ama mchoro wako, kisha fundi anakishona kifuani, mgongoni ama kwa mikono. Ile ya kuchapisha na wino hupasuka na kubanduka. Hii rangi iko kwa uzi wenyewe. Lakini ikifanywa ovyo, hudi inakunjana kama karatasi iliyonyeshewa, na chapaa yako imeenda hivyo. So soma kwanza.

Mashine utatoa wapi?

Usinunue. Unakumbuka sweta ya primo? Nyingi hufumwa na mafundi wa hapa hapa, wale unaona wakisukuma kigari kushoto kulia juu ya safu ya sindano. Wako masokoni karibu kila taun. Kitu moja tu: Januari shule zikifunguliwa usiwapelekee story ya hudi, wako bize na yunifomu. Pitia wakati kazi imepungua, utasikizwa na hata bei mtaongea vizuri.

Fua hudi kwanza

Hapa ndio wengi huchoma. Hudi mpya ya pamba hupungua ikifuliwa, lakini uzi wa akriliki, ule wa sweta nyingi za shule, haupungui hivyo. Ukishona kabla ya kufua, hudi itajikaza na paneli itabaki saizi yake. Hapo ndio mikunjo hutokea. Mtumba umeshafuliwa mara mingi, lakini fua tu, ukaushe, ndio upime.

Halafu ivae, simama mbele ya kioo, beshte yako achore na chaki mahali paneli itakaa. Ukipima ikiwa mezani pekee, utashtuka mchoro umeangukia tumboni ama umeingiliana na mfuko wa mbele.

Hesabu kidogo, usitoroke

Mwambie fundi afume kipande cha kujaribu, kama vitanzi 40 kwa mistari 60, na uzi ule ule mtatumia. Kipande kilale usiku mmoja ndio kirudi saizi yake halisi, kisha mpime.

Tuseme mmepata vitanzi 28 na mistari 40 kwa kila sentimita 10. Unataka paneli ya sentimita 25 upana na 20 urefu? Upana ni vitanzi 70, urefu ni mistari 80. Ongeza vitanzi 2 kila upande vya kuingia kwa mshono, unakuwa na 74. Fundi akikuambia "nitakadiria tu", mwambie pole pole mpime.

Hizo namba zinakuonyesha kitu kingine: kitanzi ni kipana kuliko kilivyo kirefu. Ukichora duara kwa karatasi ya hesabu ya miraba sawa, itatoka imebonyea kama chapati. Chora ukitumia mistari 10 kwa kila vitanzi 7.

Mchoro gani unaweza?

Mistari ndio rahisi zaidi, unabadilisha tu rangi ya uzi. Mchoro wa kujirudia hufanywa na mashine za kadi zenye matundu. Nyingi za kawaida hurudia kila baada ya vitanzi 24, na hubeba rangi mbili kwa mstari mmoja. Rangi isiyotumika hupita nyuma kama nyuzi zinazoning'inia. Kwa sweta ya kawaida hizo hunasa vidole, lakini kwa paneli zinafichwa na hudi. Picha moja kubwa ya rangi mingi hupangwa na mkono, so itachukua muda na itakugharimu zaidi.

Kushona

Usikate paneli na makasi bila kufunga kingo, itafumuka yote ukiangalia. Ifumwe saizi kamili, vitanzi vya mwisho vifungwe.

Ndani ya hudi, nyuma ya mahali paneli itakaa, fundi abandike kile kitambaa chepesi cha gundi kinachowekwa kwa kola. Kinazuia hudi kuvutika. Kisha paneli ishikwe na pini hudi ikiwa imelala flati, ishonwe kwa zigizaga na sindano ya ncha ya mviringo. Asivute kitambaa akishona, la sivyo kingo zitakuwa mawimbi.

Na pasi ya moto isiguse akriliki. Ikishika joto sana hulegea na kung'aa, na hairudi. Weka kitambaa chenye unyevu juu, upitishe mvuke tu.

Ukitaka kuomoka nayo

Uza mchoro wako mwenyewe. Kufuma nembo ya brandi kubwa ni kujitafutia ngori; Kenya iko na sheria ya kupambana na bidhaa ghushi tangu 2008. Jina la mtaa wako, timu yenu ya mtaani, ama msemo mliobuni na mabeshte, hizo ni zenu.

Ikikamilika, fua ikiwa imegeuzwa ndani nje, maji baridi, na uianike ikiwa imelala. Ukiitundika na maji, uzito utaivuta chini.

Anza na mistari tu kwa hudi ya zamani. Ukikosea hapo hutalia sana, na fundi atakuwa ameshajua mkono wako.