Mguu Kifundo: Kazi Inayobaki Plasta Ikishatoka

Kati ya watoto elfu moja wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa na mguu kifundo: wayo umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu, na mguu ukiachwa hivyo mtoto atakuja kutembea kwa ubavu wa mguu au hata kwa mgongo wake. Wavulana hupatwa mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hawa huwa nao miguu yote miwili. Tiba yake haina siri tena. Ignacio Ponseti, daktari aliyezaliwa Hispania na kuhamia Iowa, Marekani, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake, alianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1940. Mguu hunyooshwa kwa mkono, taratibu, kisha hufungwa plasta (piopii, au hogo kama wasemavyo mitaani) kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Wiki moja baadaye plasta huvuliwa, mguu ukasogezwa tena kidogo, ikafungwa nyingine. Kwa kawaida plasta tano hadi saba hutosha. Watoto wengi hukatwa pia kano ya kisigino, kidonda kidogo tu, kisha plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Siku inapotolewa mguu umenyooka na familia inashukuru. Siku hiyohiyo mtoto hukabidhiwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, na wengi huvichukua kama nyongeza ya matibabu yaliyokwisha. Hapo ndipo kosa linapoanzia, kwa sababu sehemu ngumu ya tiba hii ni viatu, na hiyo hufanyika nyumbani, mbali na macho ya daktari.

Watu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na kwa mguu kifundo methali hiyo ni kweli nusu. Mguu wa kichanga hukunjika, ndiyo, ila samaki aliyekunjwa hubaki alivyokunjwa, na mguu huu haubaki. Kile kilichoupindisha tumboni bado kimo ndani ya kano na mishipa ya nyama, na miaka ya mwanzo ndiyo ambayo mguu hukua mbio kuliko wakati mwingine wowote. Kwa hiyo viatu havinyooshi kitu. Kazi yake ni kuulinda mguu ulionyooshwa usirudi ulikotoka. Mguu uliotibiwa hugeuzwa nje kwa nyuzi 70 hivi na kushikwa hapo, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya kwanza, baadaye wakati wa usingizi tu, usiku na mchana, hadi mtoto afikishe miaka minne au zaidi. Madaktari wa Iowa walipowafuatilia watoto waliowatibu, waliona kwamba mguu ulirudi kupinda kwa asilimia 6 tu ya familia zilizofuata utaratibu wa viatu, na kwa zaidi ya asilimia 80 ya zile ambazo hazikuufuata. Ukali wa ulemavu wenyewe, uliopimwa kwa idadi ya plasta alizohitaji mtoto, haukuwa na uzito huo.

Mtoto mwenyewe, basi, anavizoeaje? Upesi kuliko wakubwa wanavyotarajia. Kilio cha usiku wa kwanza na wa pili mara nyingi si cha maumivu. Kichanga amezoea kurusha mguu huu, kisha ule. Sasa akirusha mmoja, chuma kinauzuia, naye hukasirika kama yeyote aliyefungwa. Dawa yake ni kumfundisha kurusha yote miwili pamoja: mzazi hushika chuma, akakunja na kunyoosha magoti ya mtoto kwa mchezo, mara kadhaa kwa siku, mpaka mtoto agundue kwamba bado anaweza kucheza. Mambo mengine ni ya mikono na macho. Soksi ziwe za pamba. Ukanda wa katikati, ule unaopita juu ya kifundo, ndio unaofungwa kwanza kwa sababu ndio unaokishusha kisigino, na alama ya kalamu ndani ya kiatu pale vidole vinapofika itamwonyesha hata bibi asiyejua kusoma kama kisigino kimekaa. Kuna hili pia ambalo huwapotosha wengi: ngozi ya kisigino ikiwa nyekundu sana au ikitoka lengelenge, mkono wa huruma hulegeza ukanda, kumbe lengelenge hutokea kwa sababu kiatu kimelegea na mguu unapanda na kushuka ndani yake. Ukanda unatakiwa kukazwa. Mafuta nayo yasipakwe hapo, kwa maana hulainisha ngozi na kuzidisha kidonda. Chuma kizungushiwe kitambaa, la sivyo kitampiga mtoto mwenyewe, na mama anayelala naye, na kitakwama kwenye chandarua.

Ugumu zaidi uko kwa watu waliomzunguka. Mtoto mwenye viatu hivi habebeki kirahisi mgongoni kwa kanga, kwa hiyo mama hulazimika kumpakata mbele au kumweka kiunoni, na njiani kila mtu ana swali. Jirani atasema mtoto anateswa. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani kumfunga kichanga kwa chuma ni jambo zito kulitazama. Lakini tuangalie kilicho upande wa pili. Kwa miaka mingi miguu hii ilipasuliwa upasuaji mkubwa, na wengi waliopasuliwa walifika utu uzima na miguu migumu yenye maumivu. Waliotibiwa kwa njia ya Ponseti walipochunguzwa, wakiwa na wastani wa miaka 34, asilimia 78 kati yao walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana. Kwa watu waliozaliwa bila tatizo hilo ilikuwa asilimia 85. Wengine huogopa kwamba mtoto atachelewa kutembea. Huchelewa, miezi miwili hivi, na aliyeanza tiba mapema huwa amekwisha maliza zile saa 23 kabla hajafikia umri wa kusimama. Pingamizi lenye nguvu kuliko yote huja baadaye, mwaka wa pili au wa tatu, wakati mtoto anakimbia uwanjani na mguu hauna kasoro: ya nini kumfunga usiku? Hakuna mzazi mzembe hapo. Anaamini macho yake, na hakuna aliyemweleza mapema kwamba macho yatamdanganya.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaozisoma zile asilimia 80 kama hukumu juu ya akina mama. Viatu vyenyewe vilikuwa kikwazo kwa muda mrefu, vikiagizwa nje kwa bei ya wenye nazo. Nchini Uganda fundi wa vifaa vya viungo, Michiel Steenbeek, alibuni vinavyoweza kushonwa na kuchomelewa katika karakana ya kawaida kwa ngozi, mbao na nondo nyembamba, na muundo huo umesambaa nchi nyingi. Bei ikishuka, bado kuna nauli. Mtoto hukua, vidole huanza kuchungulia nje ya kiatu, na jozi mpya iko mjini. Hilo hutokea mara kadhaa kabla ya miaka minne kutimia. Kliniki inayohesabu plasta ilizofunga na kusahau kuhesabu jozi zilizobadilishwa imepima upande mwepesi wa kazi yake. Saa moja ya kumketisha mama, na baba, na yule dada anayebaki na mtoto mchana, kila mmoja akafunga na kufungua mikanda kwa mikono yake mbele ya mtaalamu, haihitaji mashine yoyote wala dawa, na ndiyo inayokatwa kwanza foleni inapokuwa ndefu.