Damu ya Aliyeungua Moto na Sahani Yake

Moto ukishazimwa, mwili wa mtu aliyeungua sehemu kubwa huendelea kuwaka kwa ndani. Moyo hupiga mbio, joto hupanda, na mwili hula misuli yake wenyewe ili upate nguvu na kujenga ngozi mpya. Mtu mzima katika hali hiyo huhitaji kila siku gramu 1.5 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Askari mwenye kilo 60 ahitaji basi gramu 90 hadi 120, na yai moja lina gramu kama 6 tu. Ndiyo sababu uji mtupu haumfai. Maziwa, mayai, samaki, nyama na maharage ni sehemu ya matibabu yake.

Je, itajulikanaje kama chakula kinamtosha? Kwa miaka mingi waganga walitafuta jibu katika damu. Walipima albumini, protini itengenezwayo na ini, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya hufikia gramu 35 hadi 50 katika lita moja ya maji ya damu. Ilidhaniwa kwamba ikipungua, mgonjwa hakulishwa vema. Lakini nusu ya albumini huchukua siku kama 20 kuondoka, hivyo haiwezi kutoa habari za chakula cha juzi. Ikatafutwa prialbumini, ambayo nusu yake huondoka kwa siku 2 hivi.

Hata hiyo haikutoa jibu la hakika. Mtu akiungua vibaya, mishipa midogo ya damu huvuja, na albumini hutoka pamoja na majimaji ya uvimbe na ya vidonda. Ini nalo huacha kazi zake za kawaida, mfano wa kiwanda kilichoamriwa kuunda silaha wakati wa vita, likatoa kwa wingi protini za dharura, mojawapo ikiwa ile iitwayo C-riaktivi. Kwa hiyo albumini na prialbumini hushuka hata mgonjwa akila vizuri, na uvimbe ukitulia huweza kupanda bila ya chakula kuongezwa. Mwaka 2021 ASPEN, chama cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa cha Marekani, kilieleza kwamba protini hizo mbili zisitumiwe kupima lishe, kwani zinaonyesha uvimbe na hatari ya ugonjwa.

Jambo hili lawahusu sana jamaa wa mgonjwa. Mke akiambiwa kwamba protini za mumewe ziko chini, asidhani kuwa analaumiwa kwa chakula alichopika. Wala akisikia zimepanda asipunguze kitoweo, maana vidonda bado vinadai haki yao.

Mambo ya kuangaliwa ni haya: mgonjwa amekula kiasi gani, uzito wake unakwendaje baada ya uvimbe kupungua, nguvu za mikono na miguu yake zikoje, na vidonda vinafunga au la. Mwenye kumuuguza aandike kila siku katika daftari alichokula mgonjwa na alichobakiza, kisha amwonyeshe muuguzi. Nusu ya bakuli iliyorudi jikoni ni habari ambayo maabara haiwezi kuitoa.