Mwitikio wa Wabunge kwa Ujumbe wa Wapigakura: Mfano wa Mswada wa Fedha wa Mwaka 2024 nchini Kenya

Makala haya yanafafanua namna wabunge wa Kenya wanavyoitikia ujumbe wa wapigakura wao. Hoja ya msingi ni kwamba mwitikio hutegemea zaidi aina ya ombi kuliko wingi wa ujumbe. Kwa msingi huo, ujumbe umegawanywa katika makundi mawili: ujumbe wa hitaji na ujumbe wa msimamo.

Ujumbe wa hitaji huomba msaada mahususi, kama vile basari ya mwanafunzi au mchango wa mazishi. Ingawa basari za Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge husimamiwa kisheria na kamati, mpigakura humwona mbunge kuwa ndiye mtoaji. Kuujibu ujumbe huo humjengea mbunge jina bila kumgonganisha na chama chake.

Ujumbe wa msimamo humtaka mbunge aunge mkono au apinge sheria. Mnamo Juni 2024, namba za simu za wabunge zilisambazwa mitandaoni, na vijana wakahimizana “kuwasalimia”. Neno la adabu likawa wito wa kudai uwajibikaji, na baadhi ya wabunge walilalamika kwamba simu zao hazitumiki tena kwa wingi wa arafa. Tarehe 18 Juni, ilitangazwa kuwa baadhi ya mapendekezo, ikiwemo kodi ya mkate, yangeondolewa. Hata hivyo, tarehe 25 Juni Bunge la Taifa lilipitisha mswada uliorekebishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku iliyofuata, baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini.

Mfuatano huo hauthibitishi kwamba arafa pekee ndizo zilizoleta mabadiliko. Unachodhihirisha ni kwamba jibu la ujumbe wa msimamo hutolewa kwa kura, na kura haimwelezi mpigakura sababu zake. Kifungu cha 119 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi Bungeni, na ombi hilo lina utaratibu wa kushughulikiwa. Arafa haina ulinzi kama huo.

Kwa hiyo, utafiti unaopima uwajibikaji kwa kuhesabu majibu pekee unaweza kumsifu mbunge mwepesi wa kujibu maombi ya basari, ilhali kuhusu kodi amenyamaza.