Gitaa la Umeme la Bei Nafuu: Pa Kutazama Kabla ya Kulipa

Katika miaka ya 1950, Nathan Daniel wa New Jersey, Marekani, aliunda magitaa ya Danelectro kwa hadibodi, aina ile ile ya ubao mwembamba unaozibia migongo ya makabati. Pikapu alizitia ndani ya vikopo vya lipstiki. Maduka ya Sears yaliyauza kwa jina la Silvertone, na wateja wake wengi walikuwa vijana wasio na fedha nyingi. Baadaye Jimmy Page wa Led Zeppelin, aliyeweza kununua gitaa lolote alilotaka, alipanda jukwaani na Danelectro.

Siku hizi mashine zinazoongozwa na kompyuta huchonga bodi na shingo kwa usahihi mkubwa, hata kwa magitaa ya bei ya chini. Ndiyo maana Yamaha Pacifica 112 au Squier, jina ambalo Fender walianza kulitumia kwa magitaa ya bei nafuu mwaka 1982, humtosha anayeanza na hata baadhi ya wanaoishi kwa muziki. Kiwanda kinapobana gharama, aghalabu hubana saa za fundi: kusugua freti, kuchonga mifereji ya nyuzi, kurekebisha daraja. Kasoro za hapo hugunduliwa na vidole kabla ya sikio.

Mnunuzi makini huanza na shingo. Hupitisha vidole ukingoni, toka juu hadi chini. Ncha za freti zikimkwaruza, mara nyingi ubao umekauka na kusinyaa huku chuma kikibaki na urefu wake. Tupa ya fundi humaliza tatizo hilo. Kisha hubonyeza uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, akatazama juu ya freti ya kwanza. Pengo linatakiwa liwe jembamba kama unywele. Likiwa kubwa, kizingiti kilichobeba nyuzi karibu na kichwa kiko juu mno: kodi ya F itamtesa mwanafunzi, na sauti itapanda hata gitaa likiwa limetyuniwa vizuri.

Kwenye freti ya 12, nyuzi zikiinuka milimita 1.5 hadi 2, wengi hupiga kwa raha.

Freti hiyo ndiyo nusu ya uzi. Kwenye Stratocaster ya Fender yenye uzi wa milimita 648, iko kwenye 324. Uzi ukiguswa hapo bila kubonyezwa, kisha ukabonyezwa, noti mbili zilingane. Ya pili ikizidi juu, kipande kinachobeba uzi huo darajani hurudishwa nyuma kwa bisibisi. Mpiga solo wa rumba ya Kongo, ambaye kwenye sebene, sehemu ya wimbo ambapo gitaa hutawala, vidole vyake hushuka karibu na bodi, hawezi kulipuuza hilo.

Vigingi vinavyoteleza au tundu la waya linalokoroma hubadilishwa kwa gharama ndogo. Shingo iliyojisokota ni habari nyingine: chuma kilichomo ndani yake hurekebisha mbinuko wa mbele na nyuma, si msokoto. Gitaa hilo liachwe dukani, hata likiuzwa nusu bei.